Mizani kwanza, chupa baadaye

"Dada, ni wanne tu, na ni wiki mbili tu." Ndivyo alivyoniambia kwenye simu mtu wa kituo cha kuokoa wanyama. Yeyote aliyewahi kulea watoto wa mbwa kwa muda anaijua kauli hiyo, na anajua ni nusu tu ya ukweli. Wanne walikuwa kweli wanne. Wiki mbili zikawa tisa.

Walikuja ndani ya boksi la viatu. Macho yamefumba, masikio yamelala kichwani, na mmoja bado alikuwa na kipande kikavu cha kitovu kimening'inia tumboni. Siku tatu, labda nne, tangu wazaliwe. Nyumbani wakauliza lile swali ambalo kila mtu huliuliza: maziwa yako wapi? Nikawaambia nileteeni kwanza mizani ya jikoni, daftari na chupa mbili za maji ya moto. Waliniangalia kama mtu asiye na utu.

Msimamo wangu ni huu, na najua wengine utawaudhi: kulea watoto wa mbwa wasio na mama ni kazi ya karani. Huruma ndiyo inayokufanya ulipokee boksi mlangoni, na hapo imefanya kazi nzuri. Ukiiachia iendelee kuongoza baada ya hapo, inaua. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuua.

Miaka kadhaa iliyopita niliokotewa mmoja, peke yake, amelowa, baridi kama samaki. Nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye moyo angelifanya: nikapasha maziwa, nikamdondoshea mdomoni kwa bomba la sindano. Alimeza kidogo, mengine yakatokea puani. Nikampangusa, nikamfunika, nikaenda kulala nikijiona mwema. Asubuhi alikuwa amekauka. Daktari wa mifugo hakunigombeza, aliuliza tu: "Ulipomlisha, alikuwa na joto au alikuwa wa baridi?"

Katika wiki yake ya kwanza mtoto wa mbwa hawezi kujipasha joto. Hata kutetemeka hajui bado. Joto la mwili wake huwa kama nyuzi 35 hadi 37, chini ya la mbwa mkubwa, na likishuka zaidi ya hapo utumbo unasimama kazi. Maziwa unayomtilia hayaendi popote. Yanakaa tumboni na kuchacha, au yanarudi juu na kuteremka kwenye mapafu. Kwa hiyo aliyepoa hapewi maziwa, hata alie vipi. Anapewa joto, tena taratibu, kwa saa moja hadi tatu: kifuani mwako chini ya nguo, au kando ya chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo. Joto likisharudi ndipo unafikiria chupa.

Boksi lao lenyewe liwe na nyuzi 29 hadi 32 wiki ile ya kwanza, lakini upande mmoja tu, ili anayeona joto limezidi aweze kujiburuta hadi upande wa pili. Wenyewe watakueleza. Wakirundikana na kulia, wanasikia baridi. Kila mmoja akienda pembe yake na kuhema, wanaungua. Wakilala bega kwa bega huku miguu ikirukaruka usingizini, waache, hiyo ndiyo afya. Mgeni akiona ile mirukaruko hudhani ni degedege.

Sasa maziwa. Ya ng'ombe hayafai. Ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili ya hayo, na sukari yake ni kidogo, ndiyo maana mtoto akinyweshwa ya ng'ombe anaharisha huku anakonda. Kuna maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili yao, na huchanganywa kama pakiti inavyosema, si kwa kukisia. Wiki ya kwanza wanakula kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Saa sita, saa nane, saa kumi alfajiri. Tumbo lao hubeba kama mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito, kwa hiyo mwenye gramu 250 anapewa mililita 10 hivi, na hapo ndipo mwenye huruma anapoongeza kidogo ili ashibe. Usiongeze.

Halafu zile video. Mtoto wa mbwa kalazwa chali mkononi kama mtoto mchanga wa binadamu, chupa imesimama wima mdomoni, muziki laini unapigwa, maelfu ya watu wanaweka alama za moyo. Kila nikiiona natamani kuingia ndani ya simu nimgeuze. Mbwa hunyonya kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, miguu ya mbele ikikandakanda. Akiwa chali, maziwa yanaingia kwenye njia ya hewa, na nimonia haihitaji mengi.

Kuna na jambo ambalo video hazilionyeshi kabisa, ila ni kubwa kama maziwa. Watoto hawa hawawezi kukojoa wala kunya peke yao mpaka wafikie karibu wiki tatu. Mama huwalamba, wewe una pamba iliyochovywa kwenye maji ya vuguvugu. Kila mlo unasugua pole pole chini ya mkia na chini ya tumbo, unasubiri, unaangalia rangi. Mkojo wa mtoto aliyeshiba ni mweupe au njano hafifu. Ukikolea, hapati maji ya kutosha. Nimesimama jikoni saa tisa usiku nikifurahia pamba yenye mkojo mweupe kuliko nilivyowahi kufurahia zawadi yoyote, na sioni aibu kulisema.

Turudi kwenye daftari. Siwapi majina, nawapaka rangi ya kucha kwenye kidole cha mguu: Nyekundu, Bluu, Kijani, Njano. Nawapima asubuhi na jioni. Mwenye afya huongezeka kila siku, kiasi cha asilimia 5 hadi 10, na baada ya siku kumi hivi anakuwa amefikia mara mbili ya uzito aliozaliwa nao. Nyekundu alianza na gramu 262 akawa anapanda kama unga wenye hamira. Njano alianza na 196. Jioni 195. Kesho yake 192. Jioni 189.

Kwa macho hakuna ambaye angeona kitu. Alikuwa mkimya, halii, analala vizuri; watu wa nyumbani walimsifu kwamba ndiye mwenye adabu. Gramu saba huzioni kwa jicho, na kwa kiumbe wa ukubwa ule ni kama wewe upungue kilo mbili na zaidi kwa siku mbili. Daktari alikuwa tayari kunionyesha namna ya kumlisha kwa mpira mwembamba unaoshuka hadi tumboni, kazi ambayo sishauri mtu ajifundishe mwenyewe. Kabla ya hapo, nikarudi kuyasoma maandishi yangu.

Nilikuwa naandika hata mpangilio wa kula. Anayelia sana alihudumiwa kwanza, kama ilivyo ofisini kokote. Nyekundu, Bluu, halafu Kijani, na mwisho Njano. Nilikuwa na chuchu mbili za chupa: moja ya wawili wa mwanzo, nyingine ya wawili wa mwisho. Nikajaza maji, nikaipindua ile ya kwanza: tone, tone, tone, kama inavyotakiwa. Ya pili nikaipindua, nikasubiri. Kimya. Tundu lilikuwa jembamba mno. Kijani alikuwa na nguvu za kulivuta. Njano alikuwa anachoka kabla hajashiba, anasinzia chuchu ikiwa mdomoni, nami namfuta midomo na kuandika "amekula vizuri".

Nilitoboa ile chuchu kwa sindano iliyochomwa motoni, nikampandisha awe wa kwanza, kidogo kidogo kila baada ya saa moja na nusu. Kesho yake 194. Keshokutwa 206.

Kabla ya yote hayo kuna swali ambalo ningependa mtu ajiulize akiwa bado hajaokota boksi lolote: mama yuko wapi? Watoto wa mbwa walio na joto, matumbo mviringo, walionyamaza, wana mama. Ameenda kutafuta chakula. Kaa mbali, mahali asipokuona, subiri saa kadhaa. Nimeletewa watoto "walioachwa" ambao mama yao alionekana jioni akizunguka akinusa pale pale walipotolewa. Saa zile za kwanza za maisha ndizo wanazopata dang'a, maziwa ya mwanzo yenye kinga, na utumbo wao huipokea kinga hiyo kwa kama siku moja tu, kisha mlango unafungwa. Chupa yangu haina kitu hicho. Mbwa mwingine anayenyonyesha na aliye tayari kuwakubali ni bora kuliko mimi na daftari langu mara kumi.

Kuanzia wiki ya tatu ukarani unapungua. Macho yameshafunguka, wanatembea kama walevi, wanakanyaga sahani ya uji wa maziwa badala ya kuula. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili, kwa kuwa minyoo huwaingia hata kabla hawajazaliwa. Chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane, na mpaka zikamilike siwashushi chini mahali wanapopita mbwa nisiowajua, maana virusi vya parvo, vinavyowaharisha watoto wa mbwa hadi kufa, hukaa kwenye udongo kwa miezi. Lakini nawabeba. Wanasikia mlango ukigongwa, sufuria ikianguka, mtoto akicheka. Na hawatoki kwangu kabla ya wiki nane, hata mtu aombe vipi, kwa sababu ni ndugu zao wanaowafundisha kwamba meno yanauma. Mimi siwezi kuwafundisha hilo; nikipiga yowe wanadhani ni mchezo.

Njano alikuwa wa mwisho kuchukuliwa, wiki ya tisa. Kijana aliyekuja kumchukua aliuliza kama kuna cheti chochote. Nikampa kadi ya chanjo, na nikachana kurasa za mtoto wake kwenye daftari nikampa nazo. Alisimama mlangoni akizisoma, mbwa akitafuna kamba ya kiatu chake, kidole kikashuka mpaka kwenye 189.

"Hapa palitokea nini?"

Nikamwambia nilibadilisha chuchu.