Tumbo la bakuli kwanza, urembo baadaye

Mabakuli mengi ya pambo yanayosifiwa mtandaoni siku hizi yana kila kitu isipokuwa umbo. Hili limemiminiwa epoksi, utomvu wa kiwandani unaoganda, ya buluu katikati, lile limepuliziwa rangi hadi mti wenyewe hauonekani, jingine limeunganishwa vipande vya mbao za rangi tofauti kwa gundi, safu juu ya safu. Viondoe vyote hivyo kwa mawazo, uone kinachobaki. Mara nyingi ni ubavu uliosimama wima hadi karibu na chini, kisha kona ya ghafla, kisha kitako kipana kilichokaa mezani kwa uzito. Naipenda kazi ya kukereza mbao, yaani kuchonga kwa patasi mti unaozungushwa na mashine, na inaniuma kuona wanaoianza wakifundishwa kupamba kabla hawajafundishwa kuchora tumbo.

Msimamo wangu ni huu: bakuli la pambo linafanikiwa au kushindwa kwenye mstari wa nje unaotoka kitakoni hadi mdomoni. Mti mzuri hauliokoi bakuli lenye mstari mbovu, na vanishi inayong'aa ndiyo inayolianika zaidi, kwa sababu mwanga unaoteleza juu yake unakwama palepale penye kasoro.

Kuupima mstari huo hakuhitaji kifaa. Weka bakuli mbele ya dirisha, zima taa zote za karakana, urudi nyuma hatua chache. Rangi na mistari ya mti vitapotea, libaki umbo jeusi tu. Fuata ukingo wake kwa jicho kutoka chini kwenda juu. Jicho likipita bila kusita, kazi iko sawa. Likisita, hapo pana ubapa au nundu. Vidole navyo ni mashahidi wazuri: simamisha mashine kabisa, fumba macho, pitisha ncha za vidole kutoka kitakoni hadi mdomoni. Nundu ndogo sana isiyoonekana kwa macho itajitangaza yenyewe.

Anayetafuta mahali pa kuanzia achukue mnyororo mwembamba, aushike ncha zote mbili, auache uning'inie. Mpindo unaojitengeneza hapo hauna kona wala ubapa. Sogeza mikono karibu, upate bakuli lenye kina. Itanue, upate bakuli la kina kifupi. Yote mawili yatapendeza. Kuhusu kitako, wakerezaji wengi huanza na theluthi moja ya upana wa mdomo: bakuli la sentimita 30 hupewa kitako cha sentimita 10. Kwa bakuli la matumizi ya kila siku kipimo hicho kina busara, maana lazima lisimame imara. La pambo halibebi kitu kizito, hivyo mimi hushuka hadi sentimita 7 au 8. Tumbo linainuka, kivuli kinapita chini yake, na kitu kizima kinaonekana chepesi.

Sasa mstari huo unatoka wapi? Unatoka miguuni. Mpini wa bobari, ile patasi yenye mfereji, unabanwa kwenye nyonga. Mkono wa mbele unatulia juu ya kiegemeo, kile chuma cha kulazia patasi, na kazi yake ni kuongoza tu. Anayesogea ni mkerezaji mwenyewe: uzito unahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kiuno kinageuka, na ncha ya chuma inafuata. Mpindo uliochorwa na mwili mzima unatoka kwa mkupuo mmoja. Uliochorwa kwa mikono pekee unatoka kwa vipande, kila kipande na mwanzo wake na mwisho wake, na ndiyo hayo makunyanzi ambayo baadaye mtu anahangaika kuyafuta kwa msasa.

Halafu kuna nyuzi za mti. Kwa kawaida kipande cha bakuli hufungwa mashineni nyuzi zikiwa zimelala kukingama mhimili ambao mti unauzunguka. Kwa hiyo katika kila mzunguko makali hukutana na ubavu wa nyuzi mara mbili, na vichwa vya nyuzi mara mbili. Ndiyo sababu mikwaruzo mibaya ya bakuli huonekana sehemu mbili zinazokabiliana, na kwingine kote mti uko laini. Dawa yake ni mwelekeo wa mkato. Nje, kata kutoka kitakoni kwenda mdomoni, yaani kutoka penye wembamba kwenda penye upana. Ndani, kata kutoka mdomoni kwenda katikati. Ukienda hivyo, kila uzi unaokatwa unakuwa umelalia uzi mrefu zaidi ulio chini yake, hivyo unakatika ukiwa umeshikiliwa. Ukienda kinyume, unausukuma uzi usio na kitu nyuma yake: unainuka, unang'oka, unaacha shimo.

Na makali yasianze kukata kabla hayajaegemea. Laza kwanza mgongo wa makali, ule mteremko ulio nyuma ya ncha, juu ya mti unaozunguka. Utasikia unasugua tu. Kisha inua mpini taratibu, kidogo sana, mpaka maranda membamba yaanze kutoka. Hapo ndipo ulipo mkato. Anayeingiza ncha moja kwa moja bila kuegemea ndiye ambaye patasi yake hunasa, na kunasa kwenye bakuli si jambo dogo. Kipande cha sentimita 30 kinachozunguka mara 600 kwa dakika kina ukingo unaopita kwa zaidi ya mita 9 kila sekunde, kama kilomita 34 kwa saa. Kwa hiyo kinga uso kwa ngao kamili, maana miwani pekee haitoshi. Kunja mikono ya shati, vua glavu, zungusha kipande kwa mkono kwanza uone hakigusi kitu, na simama pembeni unapowasha. Kadiri unavyokaribia katikati ya bakuli kwa ndani, mti unapita polepole zaidi mbele ya makali, kwa hiyo na wewe punguza mwendo. Wengi hukimbia hapo kwa kuona wamekaribia kumaliza, na wanaacha kichuguu kidogo katikati ya sakafu ya bakuli.

Nisemee na msasa, maana hapa nina ugomvi wa kweli na mafundisho mengi. Msasa umegeuzwa kuwa kifaa cha kuchongea. Mtu anaanza na namba 80, yaani msasa wa chembe kubwa, anasugua hadi mti unapata moto, akiamini anausafisha. Anachofanya ni kuharibu umbo. Ubavu wa nyuzi unalika haraka kuliko vichwa vya nyuzi, na mti laini ulio kati ya pete za ukuaji unalika haraka kuliko pete zenyewe. Bakuli lililokuwa duara kamili chini ya patasi linatoka na mawimbi, na kingo zilizokuwa kali zinakuwa kama zimelambwa. Ule moto nao hupasua kuta nyembamba kwa nyufa ndogo ndogo. Tena kuna vumbi: tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Maranda marefu yanaanguka sakafuni; vumbi unalivuta. Barakoa na feni ya kunyonya vumbi ni lazima, lakini kinga ya kwanza ni kutolizalisha vumbi lenyewe.

Nenda kanoe. Noa tena kabla ya pito la mwisho hata kama patasi bado inakata. Pito la mwisho liwe jembamba, maranda yatoke kama nywele, mwendo uwe wa taratibu. Ukifanya hivyo unaweza kuanzia namba 180 au 220, na mara nyingi dakika chache zinatosha. Mtu anayeniambia mti fulani haukerezeki bila namba 80, swali langu kwake huwa moja: patasi ilinolewa lini?

Kuna watu wawili ninaowataja kila ninapolizungumzia umbo. Katika miaka ya 1930 na 1940, James Prestini wa Marekani alikereza mabakuli yenye kuta nyembamba mno, bila pambo lolote, tumbo na mdomo tu. Jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, MoMA, mjini New York linayo katika hazina yake. George Lailey wa Uingereza, aliyefariki 1958, alitumia mashine ya kukanyaga kwa mguu, ambayo mti huenda mbele na kurudi nyuma, na kwa visu vya ndoano alitoa mabakuli kadhaa ya mti wa elmu kutoka gogo moja, moja ndani ya jingine. Mashine yake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Reading. Mmoja alikuwa na umeme, mwingine alikuwa na mguu wake, na wote wawili wanatambulika kwa mstari.

Kuhusu mti mbichi, wengi wanauogopa na mimi naupenda kuliko mkavu, hasa kwa bakuli la pambo. Mti ukianza kushuka chini ya unyevu wa takriban asilimia 30 huanza kusinyaa, na hausinyai sawasawa: kufuata pete za ukuaji husinyaa karibu mara mbili ya kutoka kiini kwenda ganda, na kwa urefu wa nyuzi karibu hausinyai kabisa. Ndiyo maana kiini lazima kiondolewe. Pete zinazokizunguka zinataka kujifunga kuliko nafasi iliyopo, na mti unapasuka. Pasua gogo katikati, kata kiini chote, kereza nusu iliyobaki.

Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukereza kwa ukubwa tu na kuacha kuta nene, asilimia 10 ya upana, yaani sentimita 3 kwa bakuli la 30. Kisha unalipaka nta, unaliacha likauke taratibu kwa miezi mingi, na unalirudisha mashineni liwe duara tena. Ni njia ya heshima. Ya pili ni kulimaliza siku hiyohiyo likiwa bichi, kuta za milimita 5 au 6, unene uleule kutoka mdomoni hadi karibu na kitako. Ukuta wa unene mmoja hukauka kwa pamoja, kwa hiyo hujipinda badala ya kupasuka. Mdomo unakuwa umbo la yai na kupanda pande mbili. Mimi nachagua ya pili. Mti unapewa nafasi ya kusema neno lake juu ya mstari niliouchora, na kama mstari ulikuwa mzuri, mpindiko huo unauongezea uhai. Unene unaupima kwa taa: iweke upande wa pili wa ukuta wakati mti bado umelowa, nao utaanza kupitisha mwanga wa rangi ya chungwa. Penye giza bado pana unene. Endelea hadi mwanga uwe sawa kote.

Sisemi urembo uachwe. Mwembe ulioanza kuliwa na ukungu huwa na mistari myeusi ambayo hakuna kalamu ingeichora, na ni haki yake kuonyeshwa, mradi mti haujaoza ukawa kama sifongo. Mfereji mwembamba chini ya mdomo, uliounguzwa kwa waya hadi ukawa mweusi, unaweza kulitia bakuli nidhamu (waya uwe na vipini vya mbao kila ncha, usiuzungushe vidoleni kamwe). Epoksi nayo ina mahali pake, kama kujaza tundu katika kipande ambacho bila hivyo kingetupwa. Ninachokataa ni pambo linaloletwa kufunika mstari uliokosewa. Kabla ya kuongeza chochote, jiulize kama bakuli lingesimama mbele ya dirisha bila hicho kitu. Kama halisimami, rudi kwenye patasi wakati ukuta bado una unene wa kuchonga.

Mafuta ya kumalizia siyajadili sana. Ya mbegu za kitani yanatosha, tabaka jembamba, ufute yaliyozidi. Vitambaa ulivyotumia vitandaze vikauke nje au vilowekwe majini, maana vikirundikwa vinaweza kujiwasha moto vyenyewe.

Kitako kinastahili uangalifu uleule wa tumbo, na ndicho kinachotelekezwa zaidi. Alama za meno ya chaki, yale mataya yanayoubana mti mashineni, zinaachwa, au matundu ya skrubu yanazibwa na kitambaa kilichogundishwa. Ligeuze bakuli. Chonga kipande cha mbao ya akiba kiingie ndani yake kwa kubana kidogo, weka kitambaa laini katikati, sukuma ncha ya mkia wa mashine, ule upande unaobana mti kutoka nyuma, dhidi ya kitako, kisha kereza kwa mwendo mdogo. Endeleza mpindo wa nje uingie chini bila kukatika, na chimba kitako kidogo katikati ili bakuli likalie pete yake ya nje. Kitabaki kijinundu pale ncha ya mkia ilipobana. Simamisha mashine, toa bakuli, kikate kwa patasi ndogo ya mkono ukifuata nyuzi, na upige msasa hapo tu.