Msituzuie Kuanika Magodoro

Wiki hii uongozi wa jengo ninamoishi umebandika tangazo langoni: ni marufuku kuanika magodoro, mito na mablanketi kwenye roshani, kwa kuwa yanaharibu mandhari ya jengo. Nimelisoma hadi mwisho nikitafuta mahali tulipoelekezwa kwenda kuanika badala ya hapo, nisipaone. Nimeudhika, na ninaomba nieleze kwa nini jambo hili si dogo kama wanavyolichukulia waliotia saini tangazo hilo.

Mtu aliyelala hutoa jasho na mvuke wa pumzi usiku kucha, na sehemu ya unyevu huo huishia kwenye shuka, mto na godoro. Ivue foronya ya mto uliotumika muda mrefu bila kuanikwa, uukague mto wenyewe: utaona mabaka ya manjano yaliyopandana, kila moja likiwa na ukingo uliokolea pale jasho lilipofika kabla ya kukauka. Foronya na shuka hufuliwa, lakini godoro halifuliwi. Likikaa kitandani mwaka mzima huku limefunikwa, na hasa likiwa limetandikwa mara tu mwenyewe anapoamka, unyevu ule haupati pa kutokea.

Humo ndimo utitiri wa vumbi unamostawi. Wadudu hawa wenye miguu minane, jamaa za kupe na buibui, wana urefu wa takriban robo ya milimita na hula magamba ya ngozi yanayotudondoka. Tangu mwaka 1964, mtafiti Voorhorst na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walipowahusisha na mzio wa vumbi la nyumbani, madaktari wamekuwa wakiwataja kila panapozungumzwa pumu na mafua yasiyoisha. Udhaifu wao mkubwa ni kwamba hawanywi maji; maji yao huyavuta kutoka hewani. Unyevu wa hewa inayowazunguka ukishuka chini ya asilimia 50 na kubaki hivyo, miili yao hukauka, nao hufa. Jua kali hulipasha godoro joto na kulikausha kwa wakati mmoja, yaani huwanyima wadudu hawa kitu kile kile wasichoweza kuishi bila hicho. Mwaka 1994 watafiti wa Australia, Tovey na Woolcock, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mazulia yakianikwa juani moja kwa moja, utitiri wote unaweza kufa. Hakuna dawa iliyonyunyizwa wala mashine iliyowashwa. Kinachotakiwa ni nafasi na saa chache za jua, na hicho ndicho tulichokatazwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba jua halimalizi kazi yote. Kinacholeta chafya na kubana kifua ni hasa protini zilizomo katika kinyesi cha wadudu hao, na kinyesi hubaki hata wao wanapokufa. Kwa hiyo ni lazima godoro na mito vikung'utwe nje, na shuka zifuliwe kwa maji yenye joto la nyuzi 60. Godoro nene nalo halipati joto la kutosha katikati, ndiyo maana hugeuzwa. Kunguni ni suala jingine kabisa. Hujificha kwenye mishono na kwenye matendegu, na jua peke yake halitoshi kuwaondoa.

Wanaotushauri tunyunyize marashi kitandani wanafunika harufu tu, tena wanaongeza unyevu. Harufu ile safi ya kitu kilichotoka juani, ambayo wengi wetu tunaipenda tangu utotoni, ina chanzo chake halisi: mwaka 2020 wanakemia walichapisha utafiti uliobaini kwamba taulo zilizolowa zikikaushwa juani hutoa kemikali zenye harufu, ziitwazo aldehaidi na ketoni, ambazo hazikuonekana kwenye taulo zilizokaushwa ndani.

Chini ya ghorofa yangu anaishi mama mwenye mtoto wa pumu. Kila asubuhi yenye jua alikuwa akimwacha mtoto ndani, akitoa mto na blanketi lake, akivikung'uta upande unakoelekea upepo mpaka vumbi linaonekana waziwazi likielea kwenye mwanga, kisha akivianika na kuvigeuza mchana. Siku tangazo lilipobandikwa aliniuliza, "Sasa dada, vya mtoto nitavianika wapi?" Sikuwa na jibu, na sidhani kama aliyeandika tangazo alijiuliza swali hilo. Mpita njia huliangalia jengo kwa dakika moja. Mtoto yule hulaza uso wake kwenye mto huo usiku mzima.

Kama uongozi ungetaka utaratibu, ningeuunga mkono bila ubishi. Godoro lisilofungwa vizuri linaweza kumwangukia mtu, na si uungwana kuanika blanketi linalochuruzika maji juu ya dirisha la jirani. Basi itengwe sehemu ya paa, iwekwe kamba imara na vichanja, na itumike kwa zamu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, ili vitu vianuliwe kabla ya unyevu wa jioni kuvirudia. Mpaka sehemu hiyo ipatikane, tangazo liondolewe. Ninaandika ombi hilo kwa uongozi, na nitapita mlango kwa mlango kukusanya saini za majirani.