Nililipa Nisile Samaki, na Sijutii

Mjomba wangu amevua kwa mshipi Mombasa tangu ujana wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Yaani mpwa wangu umekwenda Ulaya, ukalipa, ukamtoboa samaki mdomo, halafu ukamwambia nenda zako?"

Ndivyo hasa. Ilikuwa Slovenia, kwenye mto Soča, karibu na mji mdogo wa Kobarid. Maji ya mto ule ni ya rangi ya feruzi, na baridi yake inatia miguu ganzi hata ukiwa umevaa suruali ya mpira.

Mjomba hutupa mshipi kwa uzito wa chubwi. Kule hakuna chubwi wala chambo. Kuna nzi wa bandia, manyoya na uzi vilivyofungwa juu ya ndoana ndogo, mwepesi hata ukimpuliza anaruka. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe: unaurusha nyuma, unausubiri unyooke, ndipo unauleta mbele. Kule kusubiri ndiko kulikonishinda. Asubuhi nzima nilinasa majani, kofia yangu, na mara moja sikio la mzee aliyekuwa akinifundisha. Bahati yake ndoana haikuwa na kile kijino cha kumzuia samaki asichomoke. Sheria ya pale haikiruhusu.

Mimi nami nilianza nikiwaza kama mjomba: samaki ni kitoweo, asiyeliwa ana kazi gani? Kilichonigeuza ni trauti marumaru. Ni samaki wa mito michache tu inayomwagika bahari ya Adriatic, mwenye michirizi mwilini kama jiwe la marumaru, na hukua kupita mita moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walimwaga mtoni trauti wa kahawia kutoka kwingine. Wakazaana na mwenyeji mpaka damu yake ikakaribia kupotea. Walionusurika bila kuchanganyika walikuwa kwenye vijito vya juu, nyuma ya maporomoko ambayo mgeni hakuweza kuyapanda. Tangu miaka ya 1990 wavuvi wa bonde lile wamekuwa wakizalisha vifaranga kutokana na hao waliosalia na kuwarudisha mtoni. Chama chao kwa Kislovenia huitwa "familia ya wavuvi", na pesa ya kibali changu ilikwenda huko. Kwa kazi hiyo, nitalipa tena.

Na tusijifanye hayatuhusu. Trauti wa Kenya naye ni wa kuletwa: mwaka 1905 alimwagwa mto Gura, Aberdare, wakati uleule Wazungu walipokuwa wakisambaza samaki huyu kila penye maji ya baridi.

Lakini kuna mahali mjomba ana haki. Jirani yangu mtoni alimpata trauti mzuri, akamtoa majini, akampiga picha, akageuka jua limwangaze vizuri, akapiga nyingine, kisha akamwachia akiyumba kama mlevi. Huko si kumwachia, ni kumuua taratibu. Mimi niliponasa wangu, wa shubiri mbili hivi, mzee aliniamuru nilowanishe mikono kwanza, maana mkono mkavu humvua ule ute unaomkinga. Ndoana ikatoka, samaki akakaa kidogo kiganjani chini ya maji, mara hayupo. Jioni nilikula trauti wa kufugwa kwa kitunguu saumu, mwenye mji asinilaumu.

Jambo moja sikumwambia mjomba. Dukani, nilipokuwa nikichagua nzi kwenye visanduku vyao, muuzaji aliuliza nimetoka wapi. Nikasema Kenya. Akacheka, akanionyesha wale niliowashika: wamefungwa kwa mkono, Kenya. Nilinunua sita. Wanne wako mezani kwangu ninapoandika, mmoja ameondoka na samaki mjanja, na wa sita bado ananing'inia kwenye tawi la mti ng'ambo ya mto, mahali ambapo hata mzee alikataa kunifuatia.