Zima taa kwanza, ndiyo tulinganishe Beetle

Kuna jamaa yangu wa vigari vya modeli, vile vidogo vya kukaa kiganjani, miaka mingi tunabishana, juzi kaja na Volkswagen Beetle yake mpya ya boksi la plastiki, tairi za mpira, nembo ya mbele imechapwa ndogo kama kichwa cha sindano. Kaiweka mezani pembeni ya Matchbox yangu namba 25, ile Volkswagen 1200 ya mwaka 1960, ya bluu yenye mng'ao wa fedha, vioo vya kijani, imebanduka rangi mpaka zinki inachungulia kwenye madigadi. Kaangalia moja, kaangalia nyingine, kacheka. "Ndugu yangu, hicho chako ni kopo."

Kopo! Nikanyamaza. Siyo kwamba sikuwa na jibu, nilikuwa natafuta tochi.

Maana shida ya watu wakilinganisha vigari vya modeli moja ni kwamba wanahesabu vitu. Milango inafunguka? Weka moja. Waipa zipo? Mbili. Usukani unaonekana, viti vina mistari, namba ya gari inasomeka kwa darubini, haya jumlisha, aliyepata nyingi kashinda, kama vile tunasahihisha mtihani. Beetle siyo jumla ya waipa bana. Beetle ni mstari mmoja tu, unapanda kwenye kioo cha mbele, unafika kilele mapema, juu ya kichwa cha dereva, halafu unashuka polepole, polepole, mpaka bampa la nyuma bila kukata kona popote. Ukikosea hapo hata kwa unene wa ukucha, hujatengeneza Beetle, umetengeneza kipande cha sabuni kilichokwisha kuogewa wiki nzima, halafu unakibandikia nembo.

Basi tukazima taa. Vigari nikavipanga karibu kabisa na ukuta, ubavu ubavu, tochi nikaipeleka nyuma hatua kama nne, maana ukiisogeza karibu kivuli kinavimba na utaanza kulaumu gari bure. Kivuli hakina rangi wala nembo wala waipa. Kopo langu likatokea pale ukutani, mtu yeyote aliyewahi kuona Beetle angeitaja jina kabla hujamaliza kumuuliza. Yake sasa! Juu ya mlango paa limelala bapa kabisa, halafu kwa nyuma linaanguka ghafla kama limesahau kitu, na chini pana uwazi wa mwanga unapita kati ya bodi na sakafu kama gari limepandishwa jeki. Jamaa akaniambia geuza upande wa pili. Nikageuza. Upande wa pili ni uleule, hii ni gari, siyo sarafu.

Tuseme ukweli, kosa linaanzia kwenye magurudumu. Beetle halisi ina urefu wa mita 4 na kidogo, kwa skeli ya 1:64, yaani ukiigawa kwa 64, inatoka milimita 64 hivi, na ekseli zake zinaachana kwa milimita 37 na nusu. Sasa tairi lake ni refu na jembamba, ukilipunguza kwa skeli hiyohiyo linabaki na kimo cha kama milimita 10 na unene wa milimita mbili na ushee. Mbili! Nani anataka kuhangaika na gurudumu la milimita mbili wakati stoo kuna ndoo ya magurudumu mapana ya gari za mashindano? Wanayachota hayohayo. Hayaingii, wanapanua madigadi. Madigadi yakipanuka mwili unaonekana umekonda, wanaunenepesha na mwili. Mwili ukinenepa na kimo ni kilekile, paa litafanya nini, linalala. Halafu ndipo anakuja fundi wa kuchapa waipa, na ninyi mnapiga makofi.

Na tabia hii ina tarehe. Mwaka 1968 Hot Wheels, vigari vya kampuni ya Mattel ya Marekani, waliingia na ekseli nyembamba na magurudumu yanayoteleza balaa, Lesney wenye Matchbox wakatishika, 1969 nao wakatoa Superfast, vigari vyao vya magurudumu ya kukimbia, tangu hapo kukimbia kukawa ndiyo habari ya mjini. Sawa, nakubali, Matchbox yangu ukiisukuma inafika katikati ya meza inapumzika. Kwa mtoto mwenye reli ya kuteremshia hilo ni jambo kubwa, wala simlaumu.

Na kabla hujasema nachukia Hot Wheels, moja ya zile gari zao 16 za kwanza ni Custom Volkswagen, Beetle yenye injini inayotokeza mbele. Mbele! Gari ambalo dunia nzima inajua injini yake iko nyuma. Mimi naipenda ile kichizi, kwa sababu inadanganya mchana kweupe, haijawahi kusema ni nakala ya kitu. Na rangi yake ni nyembamba ya kupenya mwanga juu ya zinki iliyosuguliwa, mistari yote ya bodi unaiona. Ninayegombana nayo ni ile inayoandika "nakala halisi" kwenye boksi.

Halisi ya mwaka gani lakini? Ya jamaa ina kile kidirisha cha nyuma cha umbo la yai, cha kati ya 1953 na 1957, na mbele ina taa zilizosimama wima za mwishoni mwa miaka ya 60. Gari hilo halijawahi kutoka kiwandani. Nilimwonyesha, akasema "hayo ni madogo." Madogo! Mtu aliyenisomea idadi ya waipa.

Haya, ya kwake ina mambo. Ndani kuna viti, yangu ndani ni upepo mtupu. Rangi yake imepulizwa nyepesi, mstari wa mlango umekaa mkali kama umekatwa na wembe, wakati yangu rangi ilimwagwa ya kutosha mpaka mfereji wa mlango umezama nusu. Tairi za mpira pia ni tamu kushika. Nimeyasema, asije akadai sikuyasema.

Jana usiku kanitumia picha, hakuandika neno. Kaenda kwake, kazima taa, kapiga kivuli peke yake ukutani, paa limeviringa vizuri kabisa, karibu nimwombe radhi. Halafu nikaona kivuli cha bampa ni kinene kama mkono wangu. Nimemwandikia arudishe tochi nyuma, hatua nne, apige upya. Hajajibu.