Baba Mkwe Ndani ya Nyambizi

Ngo! Basi, hivyo tu. Topido, lile kombora la nyambizi, imesafiri mita 900 chini ya maji, imeifikia meli ya tani 8,000 ubavuni, pale pale nilipopataka, ikagonga ngo! kama mwenye nyumba anayebisha kwa mpangaji anayemdai kodi, halafu ikazama zake. Meli haikuyumba. Nahodha wao sidhani hata kama aliweka kikombe chini.

Na linaloniua ni kwamba sina wa kumlalamikia. Umeme ukikatika una wa kumtukana. Maji yasipotoka unapiga simu, hata kama haipokelewi, roho inapoa kidogo. Lakini topido kugoma kulipuka kwenye hili gemu langu la nyambizi si ubovu wa gemu, ni historia. Wajerumani wenyewe mwaka 1939 na 1940 walikuwa nazo hizo hizo: nyingine zinalipuka kabla hazijafika, nyingine zinapita chini ya meli, nyingine zinagonga na kunyamaza. Günther Prien, yule kapteni wao wa nyambizi aliyejipenyeza Scapa Flow, kituo cha manowari za Waingereza, Oktoba 1939 akaizamisha manowari yao Royal Oak, Aprili iliyofuata kule Norway alizikuta meli za Waingereza zimetia nanga, zimetulia, akafyatua, akafyatua tena, hakuna iliyozama. Sasa kama Prien yalimkuta hayo, mimi wa Mwanga, Kigoma, mwenye laptopu ambayo kibodi yake haina herufi M, nitamshitaki nani?

Ubovu wenyewe wa gemu uko kwingine na umejaa tele. Gemu ni la mwaka 2005, lina umri wa kuoa. Ukihifadhi mchezo nyambizi ikiwa chini ya maji, kesho ukifungua linajizima, safari yote imekwenda na maji. Mlinzi uliyemweka juu na darubini anapiga kelele "meli imeonekana!" wakati wewe umeshaiona, umeshaipima, na imebaki kidogo ikukanyage. Ukiharakisha muda mara 1024 ili uvuke Atlantiki kabla hapa hakujakucha, unashtukia ndege iko utosini. Mke wangu ameniuliza kwa upole nafaidika nini, ameniuliza kwa ukali, siku hizi anawauliza majirani.

Nafaidika nini? Gemu wanazocheza vijana pale stendi unabonyeza, kitu kinalipuka, unabonyeza tena. Hili linakutaka ukae na kalamu. Unainua periskopu, unafungua kitabu cha meli, unaitambua yako kwa milingoti na dohani: urefu mita 130. Unaiwekea uzi wa katikati ya kioo kwa mbele. Omo ikigusa uzi unaanzisha saa, tezi ikimaliza unaisimamisha. Sekunde 30. Unagawanya 130 kwa 30, unazidisha kwa 1.94, unapata maili 8.4 za baharini kwa saa. Hapo nyambizi yako iwe imesimama, la sivyo hesabu imeoza. Bado pembe, bado umbali, ambao unaupata kwa kupima urefu wa mlingoti kwenye kioo. Yote hayo nayaandika nyuma ya daftari la hisabati la Zuhura wa darasa la sita, na mwalimu wake ameshaandika kwa wino mwekundu: "Kazi hii ni ya nani?" Ni ya Kapteni, mwalimu. Sahihisha tu.

Na ikikubali, ndugu zangu! Kuna msafara niliufuata kwenye ukungu, nikautangulia kwa juu, nikazama mbele yao, nikazima kila kitu nikasubiri. Manowari ikapita juu yangu, unasikia parapela inakuja, inakuja, imepita. Meli ya mafuta ikaingia kwenye uzi kwa miguu yake. Ilipolipuka nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mshahara wangu haujawahi kunipigisha kelele ya namna ile. Umenipigisha, ila ya namna nyingine.

Sasa jana.

Jana umeme ulikuwepo, na hilo pekee lilitosha kunitia wasiwasi. Saa tatu kasoro usiku nimeshaiona hiyo meli ya tani 8,000, iko peke yake, hodi! Baba mkwe. Kaja na kidumu cha mawese kutoka kwa mama. Nikasimamisha mchezo, nikainuka, shikamoo baba, marahaba, karibu kiti. Mimi nilitegemea ataongea na binti yake, anywe chai, aondoke. Lakini huyu mzee kabla ya kustaafu alikuwa chumba cha injini, meli ya Liemba ya hapa Ziwa Tanganyika, tangu enzi inakwenda kwa mvuke. Akaona maji kwenye kioo. Akavuta kiti.

"Baba Zuhura, hicho ni chombo gani?"

"Nyambizi, baba."

"Ya nani?"

"Ya... Wajerumani."

Kimya. Sebule nzima ikaniangalia, mpaka kabati.

"Wewe uko upande wa Mjerumani? Babu yangu mimi Mjerumani alimbebesha mizigo kutoka hapa mpaka Tabora, hakurudi."

Nikamweleza kwamba hii ni vita ya pili, ile ilikuwa ya kwanza, na gemu halikuruhusu kuchagua. Akasema Mjerumani ni yule yule, endelea. Nikaendelea. Nikainua periskopu.

"Ile meli imepakia nini?"

"Kitabu hakisemi, baba."

"Ina abiria?"

"Sijui."

"Hujui ina nini, hujui ina nani, unataka kuizamisha." Akageukia jikoni. "Mama Zuhura! Mumeo ana ugomvi na meli ya watu!"

Nikasema moyoni, tulia, wewe ni Kapteni. Nikaanza kuipima. Hapo mzee akaona orodha ya mabaharia pembeni, na kialama cha uchovu juu ya kila mmoja. Hiki ndicho kidonda cha gemu lenyewe: watu wako wanachoka haraka kuliko betri ya simu ya mchina, na ukitaka wapumzike unawakamata mmoja mmoja kwa kipanya, unawaburuta mpaka kitandani.

"Hawa wana zamu ya saa ngapi?"

"Baba, kidogo tu, meli inapita..."

"Zamu ya meli ni saa nne, mapumziko saa nane. Huyu wa injini amefanya saa ngapi? Muone. Huyo atalala juu ya mtambo akuunguzie chombo. Mpumzishe."

Utamkatalia vipi mzee aliyekupa mke? Nikamburuta yule, akamwona mwingine. Tukampumzisha na huyo. Akauliza mpishi ni yupi. Nikasema gemu halikuweka mpishi. Watu zaidi ya arobaini, hakuna mpishi! Akasema ndiyo maana wamechoka, ni njaa hiyo, na kwamba sisi Liemba hata mizigo ikizidi mpishi habaki gatini. Mpaka tunamaliza haki za wafanyakazi, meli imeshatuacha, nikalazimika kuikimbiza kwa betri.

"Betri?"

Nikamwambia chini ya maji dizeli haifanyi kazi, haina hewa, unakwenda kwa betri, zikiisha unapanda juu usiku kuwasha dizeli uzichaji.

"Kumbe na wao wana mgao," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona amewahurumia.

Nikaipata upya. Pembe, umbali, mwendo, yote kwenye daftari, na mzee akikagua kugawanya kwangu kwa kidole. Topido ya umeme, maana ile ya mvuke inakwenda kasi lakini inaacha mapovu, wanaiona inakuja. Mita 900, sekunde 58. Fyatua. Mzee akatoa saa yake mfukoni akahesabu kwa sauti, na alipofika 40 alikuwa amesimama, Mjerumani amesamehewa, babu yake amesahaulika, 50, 55, kakamata bega langu...

Ngo!

"Alhamdulillahi," akasema mzee, akakaa. "Wamesalimika."

Kabla sijajibu, manowari. Sijui ilitokea wapi, gemu halinaga adabu ya kukutaarifu. Nikashuka mita 150, nikazima pampu, mwendo wa kunyata, nikamwambia mzee kwa unyenyekevu wote kwamba sasa tuwe kimya kidogo, kule juu wanasikiliza kwa mitambo. Nilimaanisha mabaharia wangu. Yeye akaelewa ni sisi wa sebuleni. Akashusha sauti mpaka ikawa mnong'ono, na kwa mnong'ono huo akaniambia nifungue ramani nimwonyeshe Kigoma.

Nikasogeza ramani. Norway ipo, Gibraltar ipo, pwani yote ya Afrika Magharibi ipo mpaka na bandari. Ukiingia bara, kahawia tupu. Hakuna ziwa. Hakuna Ujiji, hakuna Kibirizi.

"Wamelifukia?" akanong'ona.

Na hapo ndipo nilipoteza usiku. Mzee, kwa sauti ya mtu anayesimulia siri ya ukoo, akaanza. Kwamba vita vya majini vimepiganwa hapa, mbele ya dirisha langu. Kwamba Liemba ilipokuwa Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaingia kwenye masanduku 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli na huku mwisho wa reli kwa treni, ikaunganishwa, ikateremshwa majini Februari 1915. Mzinga wake mkubwa ulitoka kwenye Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyofia Rufiji. Kwamba Waingereza nao walileta boti zao mbili kupitia Afrika Kusini, kwa treni na kwa kukokotwa porini Kongo.

"Basi Desemba 26, 1915, Kingani ya Mjerumani ikatekwa. Unajua nani aliiteka?"

"Nani?"

"Mimi na Toutou."

"Wewe, baba?"

"Boti inaitwa Mimi!" Akasahau kunong'ona, akajiziba mdomo, akaangalia dari kama manowari imesikia. Jikoni, mke wangu akadondosha sufuria. Mzee akamgeukia binti yake kwa hasira ya kweli: "Shhh! Unataka tufe?"

Akaendelea. Februari 1916 Hedwig von Wissmann, meli nyingine ya Mjerumani, ikazama. Julai, Wabelgiji wanakaribia, Wajerumani wakaizamisha Götzen wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini mafundi wakapaka injini grisi kwanza. Ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

"Injini ile ile, Baba Zuhura. Nimeishika kwa mikono hii. Imezama miaka minane na bado imebeba mahindi, dagaa na maharusi mpaka Kasanga. Halafu wewe unakesha unahangaika kuzamisha."

Mapipa ya mabomu yakaanza kushuka. Moja likapasuka karibu, taa za nyambizi zikazimika. Mzee akasema, "Hii kweli imetengenezwa vizuri, mpaka taa za nyumbani zimezimika."

Hapana, baba. Huo ni umeme wa kwetu.

Laptopu yangu haina betri tangu siku nyingi, ni mapambo. Giza. Chura nje. Mzee akauliza kwa ule mnong'ono wake, "Sasa tuko wapi?" Tuko mita 150, baba, tumezungukwa, sijahifadhi, na hata ningehifadhi lisingefunguka. Safari yote! Meli zote nilizozamisha kwa jasho la daftari la mtoto! Hapa sifanyi mzaha tena, jamani. Mtu mzima unafanya kazi, unanunua luku kabla ya unga, unaomba kitu kimoja tu, saa mbili za umeme mfululizo. Saa mbili! Wale wa nyambizi walikuwa chini ya bahari, wanapigwa mabomu, na taa zao zilirudi kabla ya zangu.

Mzee aliondoka amefurahi. Keshokutwa anarudi na rafiki yake, serahangi mstaafu, yaani msimamizi wa mabaharia, kwa sababu haridhiki na namna ninavyotia nanga. Hii nyambizi haina mahali pa kutia nanga. Nimeshaambiwa niongeze sukari. Na kilo ya sukari mnaijua, sina haja ya kueleza, kama mnavyoujua mchango wa harusi niliotumiwa asubuhi na mtu ambaye jina lake sina kwenye simu.

Aliyenimaliza lakini ni shemeji yangu wa Dar, mtoto wa huyo huyo baharia. Anataka dagaa wa Kigoma, "wale wenyewe, siyo wa Mwanza", na hela ya basi nitoe mimi, tutahesabiana. Nikamwambia subiri, wiki hii mbalamwezi imepiga, wavuvi hawashuki, taa haivuti dagaa mwezi ukiwa mkali. Akaniuliza mwezi unahusiana nini na dagaa. Mtu kazaliwa Ujiji! Nikatoka nje nikaupiga picha mwezi, nikamtumia. Kajibu: "Sawa shem, basi nitumie migebuka."