Virusi vinanaswa na sukari, lakini vina mkasi
Makala ninayoyajibu hapa yanadai kwamba kihisi, yaani kifaa cha kutambua virusi, kilichopakwa molekuli za sukari hakitapitwa na wakati upesi kama kile cha kingamwili (protini za kinga ya mwili zinazonasa virusi), kwa kuwa virusi vya mafua (influenza) vya binadamu na ndege, hata vikijibadilisha vipi, sharti vishike asidi ya sialiki, aina ya sukari iliyo juu ya seli, ili viingie katika seli. Naikubali hoja hiyo. Tena virusi vya binadamu hupendelea asidi hiyo iliyounganishwa na sukari jirani kwa kiungo kiitwacho 2,6, na vya ndege kwa kiungo cha 2,3, jambo linalosaidia kuvitofautisha. Kilichorukwa ni kwamba virusi hivyo hivyo hubeba nyuraminidasi, kimeng'enya kinachoikata sukari ile ile, na makamasi ya mgonjwa, ambayo ndiyo sampuli yenyewe, yamejaa asidi ya sialiki inayovinasa kabla havijakifikia kihisi. Je, yupo msomaji aliyekijaribu kwa makamasi halisi?