Kikombe kipi?

Inakera sana kukuta mapishi yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza yakisema "vikombe vitatu vya unga", basi, yakaishia hapo. Kikombe kipi? Neno "cup" jikoni ni kipimo, si chombo chochote cha chai. Cha Marekani kina takriban mililita 237, cha Australia 250, cha Japani 200, na kile cha zamani cha Uingereza 284. Kwa vikombe vitatu tu, cha Marekani na hicho cha zamani vinapishana mililita 141.

Kinachopoteza watu zaidi ni kikombe cha plastiki kinachokuja na sufuria ya umeme ya kupikia wali. Hicho ni mililita 180, na mistari ya maji ndani ya sufuria imepigwa kwa kukifuata. Ukipima mchele kwa kikombe cha 240 kisha ukajaza maji hadi mstarini, mchele umezidi kwa theluthi na wali unatoka mgumu. Halafu unalaumiwa mchele!

Unga nao ukichotwa kwa kuzamisha kikombe mfukoni hushindiliwa, ukafika hata gramu 150. Ukijazwa kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu, ni kama 120. Keki kavu zinaanzia hapo.

Michezoni neno hilohilo "cup" ni kombe, na hakuna mfasiri anayeandika "Kikombe cha Dunia". Kwenye sidiria "cup" huandikwa kwa herufi, pamoja na namba ya mzunguko wa kifua chini ya matiti. Jikoni je? Andikeni gramu na mililita, jamani.